Kamituga: Aliyeshikwa na dawa za kulevya ni mgonjwa, asifungwe kamba

Katika machimbo ya zahabu ya Kamituga, wilaya ya Mwenga, Kivu ya Kusini, kazi ya shimoni ni nzito. Kuna vijana wanaovuta bangi ili kuondoa woga, wengine hunywa pombe kali, ama kumeza tramadol ili wasisikie uchovu.

Tramadol ni dawa ya maumivu. Ukiimeza bila shauri la muganga, mwili unaizoea na kudai vidonge vingi zaidi. Ikizidi, inaweza kuleta degedege na kupunguza pumzi. Ikichanganywa na pombe, mtu anaweza kulala asiamke.

Jamaa nyingi hukimbilia chumba cha maombi, ama humfunga mgonjwa kamba. Maombi hayakatazwi, lakini hayachukui nafasi ya matunzo. Na aliyezoea kunywa sana kila siku asinyimwe pombe kwa ghafla nyumbani: ndani ya siku mbili ama tatu anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kufa. Apelekwe kwanza hospitalini.

Kwa hali ngumu, kuna kituo cha SOSAME cha Bukavu, chini ya Frères de la Charité, kinachotunza wagonjwa wa akili. Lakini ni safari ya kilometa karibu 180, barabara ni mbovu. Ndiyo maana wauguzi wa Kamituga wenyewe wanahitaji mafunzo na dawa.

Na mgonjwa akipona, shimo lile lile linamngoja. Jamaa imsaidie kupata kazi nyingine.