Fahamu: Wataalamu hufuatiliaje asili ya jina la tunda?

Huko Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu nchini Tanzania, ukwaju kwa Kisukuma ni bushishi. Ng'ambo ya mpaka, Wameru na Watharaka wa Kenya huuita mti wake muthithi. Ondoa viambishi bu- na mu-. Kinachobaki ni -shishi na -thithi.

Je, ni neno moja? Kufanana peke yake hakutoshi. Mtaalamu hutafuta kama sh ya huku na th ya kule zinakutana vivyo hivyo katika maneno mengine mengi. Zikikutana kwa utaratibu, ndipo huunda upya umbo la kale na kuliwekea kinyota, ishara kwamba halikuandikwa popote. Carl Meinhof alichapisha kazi ya namna hiyo kuhusu Kibantu mwaka 1899, na Malcolm Guthrie akaipanua kati ya 1967 na 1971.

Ulaya mbinu ni hiyohiyo. Tufaha ni afal kwa Kiwelisi, aval kwa Kibretoni, úll kwa Kiayalandi. Kutokana nayo hupatikana *abalom ya Kikelti cha kale.

Waarabu waliuita ukwaju tamr hindi, yaani tende ya Kihindi, na mwaka 1753 Linnaeus akaupa jina Tamarindus indica. Jina hilo linapotosha: mti wenyewe ni wa Afrika, na India ulipelekwa. Hata Afrika kwenyewe si majina yote yana mzizi unaofanana: Wajaluo huuita chwaa, Wakamba kithumula, majina yasiyofanana kabisa na bushishi.