Mass Effect mpya: wachezaji wana matumaini, lakini pia hofu

Ni katika Novemba 2020 ndipo BioWare, kampuni ya Kanada inayotengeneza michezo ya video, ilitangaza kwamba inatayarisha Mass Effect mpya, bila kutaja tarehe ya kutoka.

Matumaini ya wapenzi wake yanatoka mbali. Katika michezo mitatu ya kwanza, ya 2007, 2010 na 2012, mchezaji anaongoza kamanda Shepard na chombo chake angani, na maamuzi yake yanamfuata: askari aliyekufa katika mchezo wa kwanza harudi katika wa tatu. Video ya Desemba 2020 ilimuonyesha Liara, rafiki wa Shepard, na wengi wakafurahi.

Hofu nayo ina sababu. Mwisho wa mchezo wa tatu ulileta malalamiko mengi, hata BioWare ikauongezea sehemu bila malipo. Mwaka wa 2017, Mass Effect: Andromeda ulichekwa kwa ajili ya nyuso za wahusika wake. Mwishoni mwa 2024, Dragon Age: The Veilguard, wa kampuni hiyohiyo, ulipata wachezaji karibu milioni 1,5 tu, kama nusu ya wale waliotarajiwa na Electronic Arts, ambayo ndiyo mwenye BioWare. Januari 2025, wafanyakazi wengine walihamishwa, wengine wakapoteza kazi.

Je, kikundi kilichopunguzwa kitaweza kuandika hadithi ambamo kila uamuzi una matokeo? Kungoja, wachezaji wamezoea. Mchezo uliofanywa haraka-haraka ndio wanaogopa.