SABUFA: NGOMA NA MANENO

Kaeni vizuri. Kila mtu awe na daftari na kalamu. Somo letu la leo ni habari ya sabufa.

Chombo hiki mnakifahamu. Kipo majumbani, kipo dukani, kipo kwa kinyozi. Wengine wenu mnanisikiliza kwa sabufa sasa hivi. Lakini kuwa na chombo ni jambo moja, na kukijua ni jambo jingine. Asiyekijua hupoteza fedha, hupoteza umeme, na mara nyingine hupoteza hata maneno aliyotaka kuyasikia.

SAUTI NI NINI?

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Piga ngoma, kisha gusa ngozi yake taratibu. Utaihisi ikitetemeka. Ngozi hutikisa hewa, na hewa hutikisa sikio. Hewa ikitikisika mara chache kwa sekunde, sauti huwa nzito kama ya ngoma kubwa. Ikitikisika mara nyingi, sauti huwa nyembamba kama ya filimbi. Sikio zima la kijana husikia mitikisiko kuanzia kama 20 hata 20,000 kwa sekunde.

Spika nayo ni kama ngoma. Ndani yake mna karatasi ngumu yenye umbo la bakuli. Nyuma ya karatasi mna waya uliozungushwa, na karibu na waya mna sumaku. Umeme ukipita katika waya, sumaku huuvuta na kuusukuma waya ule, na karatasi hucheza pamoja nao. Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza spika ya namna hii mwaka 1925, na mpaka leo spika nyingi hufanywa hivyo.

Lakini ngoma kubwa haiwezi kulia kama filimbi. Kwa hiyo kazi imegawanywa. Sabufa ni spika kubwa ya sauti nzito tu, kwa kawaida zile zisizozidi mitikisiko 200 kwa sekunde. Spika ndogo huchukua zilizobaki. Ukiona sandukuni imeandikwa 2.1, maana yake ni spika ndogo 2 na sabufa 1.

MANENO HUKAA WAPI?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Utamu wa ngoma hukaa katika sabufa, lakini maneno hukaa zaidi katika spika ndogo. Herufi kama s, t na f zina mitikisiko mingi, maelfu kwa sekunde. Sabufa haiwezi kuzitoa. Tena sauti nzito ikizidi, huzifunika herufi hizo, kama vumbi linavyofunika nyayo za ng'ombe.

Hebu tufanye jaribio. Mwenye sabufa atafute kitufe cha kuzungusha chenye herufi B, A, S, S. Hiyo ndiyo besi. Ageuze mpaka mwisho. Sikilizeni: sita, tisa, tisa, sita. (Kimya kidogo.) Sasa apunguze mpaka karibu na mwanzo. Sikilizeni tena: tisa, sita, sita, tisa. Mmeona tofauti? Maneno hayo mawili yana irabu zile zile, i na a. Yanatofautishwa na s na t tu. Tuseme redio inatangaza bei ya mahindi. Mkulima asiyepambanua sita na tisa atauzaje gunia lake?

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, Watanzania wapata milioni 2 walikutana katika vikundi wakasikiliza masomo ya afya redioni. Redio nyingi za siku zile zilikuwa na spika moja ndogo. Hazikutoa ngoma nzito, lakini maneno yalisikika, na watu wakaenda kuchimba vyoo. Basi, wakati wa somo au habari, punguza besi. Wakati wa muziki, iongeze kwa kiasi.

UNAPONUNUA

Tuseme baba mmoja wa Dongobesh ameuza mbuzi, akaenda kununua sabufa. Sandukuni anaona imeandikwa 10,000 W PMPO. W ni wati, yaani kipimo cha nguvu. Anafurahi. Asifurahi upesi. Herufi PMPO hutaja nguvu ya kitambo kidogo mno, tena watengenezaji hawafuati kipimo kimoja. Ageuze chombo, asome kibandiko cha nyuma, aone kinatumia umeme wati ngapi. Kikiwa kinatumia wati 40, hakiwezi kuendelea kutoa wati elfu kumi. Ng'ombe hatoi ndoo kumi za maziwa kwa kula kiganja cha majani.

Kisha aombe kiwashwe, na asikilize mtu akisema, siyo wimbo tu. Maneno yakisikika wazi, chombo ni kizuri.

SABUFA NA SOLA

Wanaotumia sola wapige hesabu. Betri ya volti 12 na ampia-saa 20 ina 12 x 20 = 240, yaani wati-saa 240. Betri ya risasi hudumu zaidi ukitumia nusu tu, yaani 120. Sabufa ikila wati 40, gawanya 120 kwa 40: unapata saa 3. Taa ya wati 5 kwa umeme ule ule ingewaka saa 24. Kwa hiyo muziki wa jioni moja waweza kula mwanga wa watoto wa kusomea siku kadhaa. Wazazi ndio wa kuchagua.

JIRANI NA MASIKIO

Sauti nzito hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba. Wewe unasikia wimbo. Jirani anasikia kishindo tu, usiku kucha. Usiweke sabufa pembeni kabisa mwa chumba, maana kuta mbili huongeza kishindo. Iweke chini, mbali kidogo na ukuta.

Masikio nayo yana mpaka wake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa juma katika sauti ya desibeli 80. Sauti ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu kwa juma. Huna kipimo? Simama umbali wa mkono mmoja na mwenzako. Mkilazimika kupiga kelele ili msikilizane, sauti imezidi. Chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa, hazioti tena.

Ndugu zangu, sabufa ni chombo kizuri. Ifanyeni iwatumikie, siyo kuwatawala.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini herufi s haisikiki vizuri besi ikizidi?
2. Sabufa inatumia wati 30. Betri ina wati-saa 120 za kutumia. Itacheza saa ngapi?
3. Andika sentensi mbili: moja yenye neno sita, moja yenye neno tisa. Msomee jirani yako huku besi ikiwa juu. Je, amesikia sawasawa?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.