Kasoro za uchapishaji wa printa ya leza

Kasoro za uchapishaji wa printa ya leza ni dosari zinazoonekana kwenye karatasi iliyochapwa kwa mashine hiyo, kama vile maandishi kufifia, mistari, madoa au wino kufutika kwa kidole. Nyingi hutokana na sehemu fulani ya mashine, lakini mara nyingine mashine ni nzima na tatizo ni karatasi.

Jinsi printa inavyochapa

Silinda inayohisi mwanga hupewa chaji ya umeme, kisha mwale wa leza huchora ukurasa juu yake. Unga wa rangi uitwao tona hunasa palipochorwa, huvutwa kwa chaji hadi kwenye karatasi, halafu huyeyushwa na rola yenye joto la takriban sentigredi 200. Printa ya kwanza ya aina hii ilitengenezwa na Gary Starkweather katika kampuni ya Xerox, Marekani, mnamo 1971.

Unyevu na vumbi

Mji wa Ifakara, mkoani Morogoro, uko katika bonde la mto Kilombero, ambalo sehemu zake hufurika wakati wa masika. Rimu iliyoachwa wazi majira hayo hunyonya unyevu wa hewa. Karatasi yenye unyevu hupitisha umeme kwa urahisi, hivyo chaji ya kuvuta tona huvuja na maandishi hutoka na mabaka yaliyofifia. Ni rahisi kudhani tona imeisha na kununua katriji nyingine bure. Kabla ya kutumia fedha hizo, ukurasa uleule uchapwe kwenye karatasi ya rimu iliyofunguliwa papo hapo. Ukitoka safi, katriji haina kosa.

Wakati wa kiangazi adui ni vumbi. Likitua kwenye kioo cha leza huziba mwale, na mstari mweupe huonekana toka juu hadi chini ya ukurasa.

Doa linalojirudia

Doa likijirudia kwa umbali uleule, rula inatosha kulichunguza. Umbali huo ni sawa na mzingo wa silinda au rola yenye jeraha. Silinda ya kipenyo cha milimita 24, kwa mfano, huacha doa kila baada ya milimita 75 hivi. Hapo kusafisha kioo hakusaidii.

Tona inayofutika kwa kidole huonyesha kwamba rola ya moto haipati joto la kutosha, au karatasi ni nene mno. Rola hiyo huunguza, kwa hiyo printa huzimwa na kuachwa ipoe kabla ya kufunguliwa.