Kipande cha Chupa Kikikauka

Kipande cha chupa kikiwa na maji hudanganya. Ukikitoa kwenye ngoma ya mashine, ukakisuuza bombani na kukiinua kwenye mwanga, kinang'aa kama kimetoka kiwandani leo. Kiweke juu ya kitambaa, kanywe chai, kisha urudi. Utakuta kimepauka, kimevaa ukungu mweupe kama jicho la samaki aliyelala mezani sokoni tangu alfajiri. Mikwaruzo ilikuwapo muda wote, ila maji yalikuwa yameijaza. Uso uliokwaruzwa una vibonde vingi mno, na kila kibonde hupinda mwanga kivyake, ndiyo maana tunaona weupe. Maji hupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribia kile cha kioo: kipimo cha hewa ni 1, cha maji 1.33, cha kioo cha kawaida 1.52. Vibonde vikijaa maji, mwanga hupita kana kwamba uso ni laini.

Naanza na hilo kwa sababu ndipo wengi wanaojifunza kung'arisha vioo nyumbani hupotezea wiki zao. Wanakagua kazi ikiwa bado na maji, wanaridhika, wanaruka kwenda hatua inayofuata. Kioo kikaguliwe kikiwa kikavu.

Mashine yenyewe haina siri. Ni ngoma ndogo ya mpira inayolala juu ya rola mbili, moja ikizungushwa na mota. Ile inayowafaa wanaoanza hubeba takriban kilo moja na robo ya mzigo. Imeundwa kwa ajili ya kulainisha mawe. Ndani unatia vipande, unga wa msasa na maji, unafunga kifuniko barabara, unaiacha izunguke usiku na mchana. Ngoma inayozunguka mara 30 kwa dakika hukamilisha mizunguko 43,200 kwa siku. Mota ya wati 25 hutumia uniti 0.6 kwa saa 24, kwa hiyo umeme si mzigo mkubwa. Kinacholiwa hapa ni siku.

Wazo la kuzungusha ni la kale kuliko mota. Huko Khambhat, pwani ya Gujarat nchini India, mafundi wa shanga za akiki nyekundu walizitia kwenye mfuko wa ngozi pamoja na unga mkali na maji, kisha watu wakausukuma mfuko huo huku na huku kwa siku nyingi hadi shanga zikang'aa. Shanga za akiki kutoka huko zilivuka bahari kwa majahazi, na wachimbaji wa mambo ya kale wamezikuta katika magofu ya Kilwa. Kila nikisikia ngoma yangu ikizunguka, nafikiria mikono ile.

Na sauti yake ni ya kusikilizwa kweli. Jirani yangu aliwahi kuniuliza juu ya ukuta, "Mwalimu, unasaga nini usiku kucha?" Nikamwambia chupa za soda. Akanyamaza, kisha akasema, "Mbona zinasikika kama mvua?" Hakujua kwamba amenipa kipimo bora kuliko vyote. Ngoma iliyojazwa sawasawa hutoa mvumo wa manyunyu juu ya makuti. Ukisikia kugonga, ko-ko-ko, simamisha, maana vipande vinaanguka na kupigana.

Sababu ni hii. Ngoma ikizunguka, mzigo hupanda na ukuta wake mpaka mteremko unakuwa mkali, kisha tabaka la juu huporomoka polepole kama mchanga wa kifusi. Kazi yote hufanyika katika mporomoko huo, vipande vikiteleza kimoja juu ya kingine huku punje za msasa zikiwa katikati. Mzigo ukiwa mdogo, vipande havitelezi, vinaanguka. Ukiwa mkubwa mno, hakuna nafasi ya kuporomoka na hakuna kinachosuguliwa. Theluthi mbili za ngoma ndicho kipimo changu, na maji yafike karibu na usawa wa vipande vya juu, yasivifunike. Jiwe la akiki huvumilia makosa kidogo. Kioo hakivumilii, kwa hiyo sehemu ya mzigo wangu, hata theluthi nzima, huwa ni vipande vidogo vya kauri vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Hukaa katikati ya vioo kama mito, na vinabeba msasa hadi kwenye pembe ambazo vioo vyenyewe havifikii.

Sasa huo unga wa msasa. Dukani msasa wa karatasi huuzwa kwa namba; huu ni msasa uleule bila karatasi. Namba ikipanda, punje zinakuwa ndogo. Namba 80 ina punje zisizofika robo ya milimita, namba 220 ni kama sehemu sita au saba za mia ya milimita, namba 500 ni ndogo zaidi ya hapo mara kadhaa. Karibu zote ni silikoni kabaidi, ambayo Mmarekani Edward Acheson aliipata mwaka 1891 alipochoma udongo wa mfinyanzi na unga wa makaa kwa umeme. Katika kipimo cha ugumu alichotunga Friedrich Mohs mwaka 1812, ambapo almasi ni 10, silikoni kabaidi inazidi 9, kwatzi ni 7, na kioo cha chupa hakifiki 6. Ndiyo maana usitie kioo na mawe ya kwatzi katika ngoma moja, mawe yatakitafuna.

Wanaong'arisha mawe huanza na namba 80. Kwa kioo mimi naiacha. Nilipoanza nilifuata karatasi ya maelekezo ya mawe neno kwa neno, na baada ya siku tano nikafungua ngoma yenye vipande vilivyomeguka kingo zote, vina mapengo ya duaraduara kama kucha. Kioo hakina chembe wala tabaka la kuzuia ufa. Kikipigwa hupasuka kwa mkunjo wa kombe. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alionyesha mwaka 1920, kwa majaribio ya vioo, kwamba udhaifu wa kioo unatokana na nyufa ndogo zilizomo tayari. Punje kubwa haikwaruzi juu tu, inaacha nyufa chini ya mkwaruzo, mahali ambapo jicho halifiki. Kila hatua ya msasa ina kazi mbili, kufuta mikwaruzo ya hatua iliyotangulia na kufuta pia nyufa zilizojificha chini yake. Anayeishia mara mikwaruzo inapopotea machoni amefanya kazi moja tu, nayo ile ya pili itamfuata hadi mwisho.

Kwa hiyo naanza na namba 220, vijiko vikubwa vinne kwa ngoma ndogo, siku tatu hadi tano, nikifungua kila siku. Nikiona kila ukingo umekuwa mviringo, na hakuna hata sehemu moja ndogo iliyobaki na mng'ao wa asili wa chupa (mng'ao huo ukibaki, msasa haujafika hapo), naongeza siku moja kwa ajili ya nyufa zilizojificha. Kisha namba 500 kwa wiki nzima. Baada ya hapo kipande kinakuwa na weupe laini, sawasawa kila upande, ukikipapasa ni kama ganda la yai. Hapo ndipo sayansi yenyewe inapogeuka, na ndipo ninapopapenda.

Isaac Newton, katika kitabu chake Opticks cha mwaka 1704, aliandika kwamba kung'arisha kioo ni kuufanya ukwaruzo uwe mdogo mno hata usionekane. Ni maelezo mazuri, na kwa hatua za msasa ni ya kweli kabisa: unabadilisha mkwaruzo mkubwa kwa mdogo, mdogo kwa mdogo zaidi. Lakini takriban karne mbili baadaye Mwingereza mwenzake, Lord Rayleigh, alitazama kwa hadubini kioo kikiwa katikati ya kung'arishwa, akaona jambo jingine. Uso haukuwa unapita kwenye mikwaruzo midogo na midogo zaidi. Vilele vya vilima vilikuwa tayari vimeng'aa kikamilifu tangu mwanzo, vikiwa tambarare, huku mabonde yakibaki na ukwaruzo wake vilevile. Kadiri kazi ilivyoendelea, tambarare zilipanuka na mabonde yakapungua hadi yakatoweka.

Huhitaji maabara kuliona hilo. Chukua lenzi ya sonara inayokuza mara kumi, toa kipande baada ya siku mbili za hatua ya mwisho, kikaushe, kitazame kikiwa kimelala chini ya taa. Utaona uwanja unaong'aa umetapakaa vitone vya kijivu, kama sahani safi iliyomwagiwa pilipili manga. Vitone hivyo ni mabonde. Vikiwa vidogo, subiri. Vikiwa vikubwa, hakuna siku zitakazovifuta, kwa sababu hatua hii huondoa kioo kidogo mno; rudi kwenye namba 500, au hata 220.

Unga wa hatua ya mwisho ni oksidi ya seriamu, unga laini wa rangi ya krimu au waridi iliyofifia, uleule unaotumiwa na mafundi wa lenzi. Si mgumu, ugumu wake uko karibu na wa kioo chenyewe. Nguvu yake iko kwenye kemia. Maji hulainisha ngozi nyembamba sana ya kioo, na seriamu hushikana na silika ya ngozi hiyo, ikaing'oa kidogo kidogo na kuondoka nayo. Ndiyo sababu maji hayakosekani, na ndiyo sababu poda ya oksidi ya alumini, ambayo inawatosha wenye mawe, kwenye kioo mara nyingi huacha utando. Siku saba hadi kumi. Wako wanaotia kijiko cha sukari ili tope liwe zito na vipande vishuke taratibu. Nami natia, hasa vipande vikiwa na kingo nyembamba.

Kati ya hatua na hatua, osha. Hapa sina neno la kulegeza. Punje moja ya 220 iliyojibanza kwenye mkunjo wa kifuniko itachora mistari juu ya kila kipande kwa wiki nzima. Osha vipande kimoja kimoja kwa mswaki, osha ngoma, osha mfuniko, osha kucha zako. Kipande chenye ufa au kiputo kilichofunguka kitoe, kwa kuwa kinaficha msasa. Wanaoweza hutenga ngoma moja kwa ajili ya seriamu peke yake, na nadhani ndio pesa iliyotumika vizuri kuliko zote katika kazi hii.

Tope usilimwage kwenye sinki. Hutuama ndani ya bomba la maji machafu na kugandamana kama saruji. Litie kwenye ndoo, liache litulie, maji ya juu uyamwage nje na matope uyatupe na taka yakiwa yamefungwa. Umeme ukikatika usiku, tope litazama chini ya ngoma. Asubuhi igeuze kwa mkono mara kadhaa kabla ya kuwasha, ili mota isihangaike.

Kuhusu kioo cha kutumia, matako ya chupa ni bora kwa unene wake: kahawia, kijani, na ile buluu ya kobalti ukibahatika kuipata. Vunja chupa ikiwa ndani ya gunia, ukiwa na miwani ya kukinga macho. Usisage kikavu, vumbi lake si la kuvuta. Kioo cha madirisha ya pembeni ya gari kiache, kimekazwa kwa joto na kina mvutano ndani yake. Bilauri za kristali zenye risasi ziache pia, tope lake ni sumu.

Wapo wanaopenda kuishia kwenye weupe wa namba 220, kwa kuwa unafanana na vioo vinavyookotwa ufukweni. Ni uzuri halali. Ila kioo cha bahari ni kitu kingine: kwa miaka mingi chumvi na maji vimekichomoa soda na chokaa usoni, vikakiachia vijialama vya hilali ambavyo ngoma haivitoi. Huko Seaham, Uingereza, ambako kiwanda cha chupa kilitupa mabaki yake baharini tangu katikati ya karne ya 19 hadi 1921, watu bado wanainama kuokota vipande hivyo. Kuuza cha ngoma kwa jina la cha bahari ni kumdhulumu mnunuzi.

Cha kwangu kikitoka kwenye seriamu hukaa siku moja zaidi ndani ya ngoma safi na maji na kipande cha sabuni ya mche kilichokwanguliwa. Nakisuuza, nakianika kivulini juu ya kitambaa. Kikishakauka kabisa nakishika dirishani, nikiinamisha hadi mwanga wa dirisha uangukie ubavuni mwake. Nikiona mwanga tu, kinarudi ngomani. Nikiziona nondo za dirisha, moja moja, zikiwa zimenyooka juu ya uso wa ile chupa ya soda, kimekwisha.