Kinga ya Mtoto Mchanga na ya Mtu Mzima Dhidi ya Korona

Wanafunzi wetu wanapotafsiri habari za afya, hutumia neno "kinga" kwa mambo mengi. Katika toleo hili tunapenda kuyatenganisha, tukichukua mfano wa UVIKO-19.

Kinga ya mwili ina sehemu mbili. Ya kwanza huzaliwa nasi, nayo huwahi kupambana na kirusi chochote bila kuchagua. Ya pili hujifunza: hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomnasa adui mmoja maalumu, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa.

Mtu mzima akiambukizwa, kingamwili zake hupanda, kisha hupungua katika miezi inayofuata. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Cell ulionyesha kwamba kwa watoto wachanga na wadogo zilibaki juu hadi siku 300. Tena, kemikali zinazoamsha kinga zilikuwa nyingi puani mwao, mlango ambao kirusi huingilia, lakini si katika damu. Kwa watu wazima hupanda katika damu, na zikizidi mno huumiza mapafu na viungo vingine.

Basi tusiandike kwamba "watoto wachanga hawana kinga", wala kwamba "korona haiwadhuru". Wapo waliolazwa, na wapo waliofariki. Mama anayesoma tafsiri yetu huenda akaamua kumpeleka mwanawe hospitali, au kumwacha nyumbani, kwa sababu ya neno tulilolichagua sisi.