Hadithi Iliyohama: Matoleo ya The Memoirs of Sherlock Holmes na Suala la Matini

Idadi ya hadithi zilizomo katika The Memoirs of Sherlock Holmes hutegemea toleo alilonalo mhakiki: ni 11 au 12. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini inazua swali la msingi kuhusu matini ipi hasa inayochambuliwa.

Hadithi hizo zilitoka kwanza katika jarida la The Strand Magazine, London, kuanzia Desemba 1892 hadi Desemba 1893, zikiwa 12. George Newnes alipozichapisha kwa sura ya kitabu, kilichobeba mwaka 1894, “The Cardboard Box” haikuwamo. Hadithi hiyo inahusu masikio mawili ya binadamu yaliyotumwa sandukuni, ndani ya chumvi, na chanzo cha mkasa ni uzinzi. Arthur Conan Doyle mwenyewe ndiye aliyetaka iachwe. Harper & Brothers wa New York waliijumuisha mwaka 1894, kisha wakaiondoa katika toleo lililorekebishwa. Ilikuja kukusanywa tena mwaka 1917 katika His Last Bow, miongoni mwa hadithi zilizoandikwa miaka mingi baadaye.

Kwa mwanaisimu, kilichoondolewa kina uzito mdogo kuliko kilichobakizwa. Mwanzoni mwa “The Cardboard Box”, Holmes anayafuatilia mawazo ya Watson pasipo kuambiwa neno, kwa kuyaangalia tu macho yake yanavyohama baina ya picha ya Jenerali Gordon na ile ya Henry Ward Beecher. Ni kifungu kizuri, na bila shaka ingekuwa hasara kukitupa. Katika kitabu cha Newnes kikapachikwa mwanzoni mwa “The Resident Patient”. Siku ya Agosti yenye joto kali ikageuzwa kuwa siku ya mvua, na mazungumzo yakabaki karibu vilevile.

“The Cardboard Box” iliporejeshwa, ilirudi na kifungu chake, ilhali matoleo mengi ya “The Resident Patient” hayakukiachia. Mtafiti anayekusanya kopasi ya hadithi zote kutoka matoleo ya namna hiyo atahesabu maneno yaleyale mara mbili. Tena, akidai kwamba Doyle alipenda kurudia mbinu fulani ya ufunguzi, huenda ushahidi wake ukawa ni kazi ya uhariri, si mazoea ya mtunzi.

Tahadhari hiyo inauhusu pia uhakiki wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, ambamo Bwana Msa na Najum wa Muhammed Said Abdulla hulinganishwa mara kwa mara na Holmes na Watson. Ulinganishi wa tabia za wahusika waweza kustahimili toleo lolote. Ukishuka hadi kwenye lugha ya msimulizi, hauna budi kutaja toleo: Watson anayesomwa mawazo katika “The Resident Patient” hayumo katika The Strand ya Agosti 1893.